Kidole Shavuni

Amoding wangu,

Umeondoka na bodaboda kwenda Chakol kumuaga tata, bibi yako mzaa baba, nami nimeketi hapa mkahawani kwenye ile meza ya pembeni ambayo mguu wake mmoja tumeuwekea kipande cha tofali. Watu wa chakula cha mchana wameisha, wa chai bado. Madereva wamelala chini ya malori yao, foleni imefika mpaka kwa fundi wa tairi, na sistimu ya forodha imelala pamoja nao tangu asubuhi. Nimenawa mikono mara mbili lakini najua karatasi hii itanuka kitunguu mpaka Amerika. Utanivumilia.

Sitakuandikia mambo ya sweta. Hayo mjomba wako Silas ameshayasema kwenye simu mpaka masikio yamekuuma, baridi ya Minnesota na viatu vya theluji na usitembee bila kitambulisho. Mambo ya wanaume pia nayaacha. Niliyoyajua ya wanaume yote niliyamaliza kwa baba yako, na baba yako ni dereva, yuko barabarani mwaka mzima, kwa hivyo hata yeye simjui vile watu wanavyodhani. Mimi nataka kujibu lile swali lako.

Unalikumbuka. Ilikuwa ile wiki ya mvua, tunakata mboga ya sukuma jikoni, ukasimamisha kisu ukaniambia hutaki kusomea unesi. Ukasema kule chuoni mtu anaruhusiwa kubadilisha, na kwamba moyo wako uko kwenye falsafa, ile mliyofundishwa na mwalimu wa Fasihi, udhanaishi. Ati kuna watu waliosema binadamu haji duniani na maagizo yake mkononi. Anakuja mtupu, halafu anajitengeneza kwa yale anayoyachagua, na asipochagua, huko nako ni kuchagua. Nikakuuliza, "Na itakulisha hiyo?" Ukacheka. Halafu ukaacha kucheka, ukasema, "Mama, wewe sema tu. Ukisema niwe nesi, nitakuwa nesi na sitauliza tena."

Mimi nikaendelea kukata sukuma.

Ukakichukua kile kimya changu ukaenda nacho. Jumapili iliyofuata padri akakuita mbele ya kanisa, akakuombea safari njema akikuita nesi wetu, tata akapiga vigelegele mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, nawe ukainamisha kichwa ukasema amina. Nilikuona. Tangu siku hiyo nimechoka, Amoding, na si kuchoka kwa sufuria. Sufuria nimezizoea.

Kimya nakijua vizuri, nilianza kuishi nacho hata kabla ya baba yako. Wewe umekua ukinisikia nikisema kwamba baba yangu alininyima chuo cha ualimu akanioza. Nimelisema hilo kwako, kwa madereva, kwa mama muuza mitumba, hata kwa padri. Leo nakuambia si kweli. Marehemu baba yangu aliniita siku ambayo watu wa kwenu walikuja kuniulizia. Barua ya chuo ilikuwa mezani na wageni walikuwa kwenye viti. Akaniuliza mbele yao, "Kuna chuo, na kuna hawa. Wewe unasemaje?"

Unajua desturi. Msichana akiulizwa neno kama hilo hutazama chini, na akitazama chini wakubwa wanasema amekubali. Basi nikatazama chini. Kulikuwa na siafu wanavuka sakafu wamebeba ubawa wa panzi, nikawatazama mpaka nikasikia wageni wanacheka kwa furaha. Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na akili, maana nilikuwa wa pili darasani. Lakini niliwaza hivi: nikienda chuo nikashindwa, nitakuwa nimeshindwa mimi. Nikiolewa nikashindwa, nitasema walinioza. Woi, mwanangu, hesabu ya mwoga inafanywa haraka sana! Na nimeila faida yake miaka yote hii. Kila siku mbaya ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mimi.

Labda ndiyo sababu mahali hapa mpakani palinifaa. Malaba kila mtu ana wa kumsingizia. Wakala wa mizigo anasema ni forodha, forodha wanasema ni sistimu, sistimu haina mdomo wa kujitetea. Unamkumbuka Boss Pilau? Yule dereva wa Mombasa aliyekuwa kila akija anaagiza pilau na kila siku tunamwambia hatupiki pilau. Kuna safari alikwama hapa siku nyingi, akamtukana kila mwenye sare, akaapa kwamba wanamharibia maisha. Halafu karatasi zikatoka. Tanboi wake, yule msaidizi wa lori, akawasha injini, akapiga honi, na Boss Pilau ameketi tu.

"Mama, niongezee chai," akaniambia.

"Boss, si mmeachiliwa?"

"Tumeachiliwa."

"Sasa?"

Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Nina binti Kampala," akasema. "Jumamosi ana kwanjula yake, anamtambulisha bwana kwa wazee. Hajaniona tangu akiwa mdogo wa kubebwa. Nilikuwa nimpigie nimwambie nimekwama mpakani, ni sistimu. Sasa sistimu imeamka, Mama. Nitamwambiaje?"

Nilicheka, Mungu anisamehe, nikamwambia lori hilo si godoro, aende. Akaondoka jioni. Kama alifika kwenye ile sherehe sijui, maana hajapita tena hapa. Lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilikuwa nimemcheka mtu wa ukoo wangu kabisa.

Ngoja, kuna mtu anaita chai.

Nimerudi. Nilitaka kukuambia habari za kule unakoenda, ingawa mimi sijavuka zaidi ya Tororo. Ninachokijua ni cha Silas. Unajua anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, anawaogesha, anawalisha. Kuna mzee mmoja Mzungu ambaye yeye ndiye anamnyoa ndevu. Huyo mzee, Silas anasema, katika maisha yake alibadilisha kila kitu kinachobadilishika. Kazi, mji, dini, mke, na mke tena. Hata jina la ukoo alikwenda mahakamani akaliacha kwa sababu hakupenda linavyosikika. Hakuna aliyemkataza, hakuna aliyeitisha kikao. Sasa kila akinyolewa anauliza lilelile.

"Wewe unatoka wapi?"

"Malaba."

"Huko Malaba wanajua wewe ni nani?"

Silas anamwambia, "Mzee, Malaba hata mbuzi wananijua."

Yule mzee anasema, "Una bahati." Na Silas, ambaye alitoroka Malaba kwa sababu hata mbuzi walikuwa wanamjua, anaendelea kumnyoa.

Anasema kule mtu anaambiwa tangu utotoni kwamba anaweza kuwa chochote. Dukani mkate peke yake una rafu nzima, unasimama unachagua mpaka miguu inauma, halafu unaenda kuula peke yako. Vijana anaofanya nao kazi wana kila mlango wazi na wanalia kwenye magari yao wakati wa mapumziko. Wengine wanamlipa mtu awasikilize saa moja. Mimi nilidhani ni maringo yake ya Amerika, kwamba anataka tumwonee huruma huku anavaa viatu vizuri. Lakini uliponieleza ule udhanaishi wako nikasema, kumbe! Hao watu wa vitabu walikuwa wanauzungumzia huo uchovu. Kwamba ukiachiwa barabara wazi, hapo ndipo woga unapoanza. Kumbe Boss Pilau angeelewana nao sana.

Hapa kwetu ni kinyume. Kule watakuambia unaweza kuwa yeyote, sisi tulikuambia ulishakuwa. Zote mbili zinamkosesha mtu usingizi, ila ya kwetu angalau unakosa usingizi mkiwa wengi. Na hili ndilo limenikalisha kwenye meza hii badala ya kukupigia pasi nguo za safari.

Hadithi ya jina lako umeisimuliwa mara ngapi? Kwetu Wateso mtoto haandikiwi jina tu, anaulizwa. Tata alichovya kidole kwenye pombe ya wimbi, akakiweka mdomoni mwako, huku akitaja marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Mtoto akinyonya, huyo aliyetajwa ndiye amerudi. Ati wewe uliwakataa wengine wote, mdomo umefungwa kama komeo, mpaka alipotajwa Amoding, mama mkwe wake tata, yule mkunga ambaye nusu ya Chakol ilipita mikononi mwake. Hapo ukanyonya kidole mpaka tata akashindwa kukitoa. Watu wakapiga vigelegele. Mkunga amerudi!

Wewe ulikuwa mikononi mwangu, Amoding. Mimi ndiye niliyekushika.

Jina la kwanza halikuwa Amoding. Lilikuwa Akisa, shangazi yake babu yako. Akisa aliacha waume wawili, akavuka kwenda Uganda, akarudi, akawa anasimama kwenye baraza za wanaume na kuwauliza maswali. Alipokufa walimzika pembeni kabisa, kule kwenye mkonge. Tata alilitaja jina lake haraka haraka, kwa kutimiza tu. Nawe ukafungua mdomo. Niliuona ulimi wako mdogo unatoka kutafuta kidole. Nikakugeuza upande wa pili, nikajifanya natengeneza shuka.

Likatajwa jina la pili, na la tatu, na kwa yote nikakukumbatia kifuani usipate nafasi. Tata aliposema Amoding, nikakugusa shavu na kidole gumba, huku chini ambako hakuna anayeona. Kila aliyenyonyesha anajua: ukimgusa mtoto mchanga shavu, atageuza mdomo upande huo atafute ziwa. Ukageuka. Kidole cha tata kilikuwa hapo. Yaliyobaki ndiyo hiyo hadithi.

Utauliza kwa nini. Nilikuwa bibi harusi mgeni, mzaliwa wa kwanza ni msichana, na nyuso za watu zilikuwa zimeshaanza kununa. Nilitaka jina litakalokutetea nikiwa jikoni. Nilitaka mtu yeyote akitaka kukupiga kofi mkono ukumbuke jina lako ni nani. Na lilifanya kazi, haki ya Mungu lilifanya kazi. Hakuna aliyewahi kukudharau katika boma lile. Jina jema hung'ara gizani, wanasema, na mimi nilikuwa gizani nikitafuta chochote kinachowaka.

Lakini ona lilivyokwenda. Ulimfunga kuku mguu uliovunjika ukiwa mdogo, wakasema Amoding amerudi. Watoto wa jirani wakikatwa na chupa wanaletwa kwako kabla ya kliniki. Ukiwa bado unavaa sare ya shule ya msingi, tata akakupeleka ukamshike mkono mama aliyekuwa na uchungu wa kuzaa, ati apate heri ya jina. Ulirudi nyumbani ukatapika nyuma ya choo, ukaniambia ni mboga. Nilijua si mboga. Nikakukorogea maji ya chumvi na sukari, nikanyamaza, maana ningesema nini? Kwamba aliyerudi hakurudi?

Hapa usiniwekee maneno mdomoni. Sisemi kwamba unesi si wako. Nilikuona babu yako alipokuwa kitandani miezi ile ya mwisho, ulivyokuwa unamgeuza bila kumwaibisha, unamwimbia matangazo ya redio ili acheke. Hakuna aliyekutuma siku zile. Kwa hivyo mimi sijui. Labda ukiliondoa jina lote, chini yake utakuta nesi ameketi anakungoja. Labda hutakuta mtu. Hayo utayaona mwenyewe.

Na tafadhali, usije ukaniandikia kutoka kule kwamba, kumbe, mimi ni Akisa. Nakufahamu, utaruka kutoka kwa bibi mmoja hadi kwa mwingine kama mtu wa kupanga nyumba. Hukumchagua Akisa wala Amoding. Ulikuwa na njaa, mwanangu. Siku ile ungenyonya kidole cha yeyote, hata cha chifu.

Sasa jibu lako. Mimi nataka uwe nesi. Nimeliandika wazi ili usianze kupiga ramli juu ya kimya changu. Nalitaka kwa sababu naogopa, kwa sababu nesi hakosi kazi, kwa sababu nakufikiria uko baridini na kitabu mkononi na huna wa kukupa uji. Hayo ni matakwa yangu mimi, mpishi wa Malaba. Si ya Mungu, si ya marehemu, na si amri. Uliniomba niseme ili usiulize tena. Mimi nimesema ili uendelee kuuliza.

Ukivaa ile sare nyeupe, uivae kwa sababu umeitaka. Ukienda kwenye falsafa, usije ukaniambia kwamba Amerika imekubadilisha, maana hiyo ni sistimu nyingine tu, ina theluji. Sema, nilitaka. Na ukishindwa, rudi hapa, uketi kwenye meza hii mbovu useme, Mama, nimeshindwa. Nitakupikia. Hata pilau nitajifunza.

Tata nitamwambia mimi. Jumapili hii, baada ya misa, kabla hajaanza kumsimulia mtu mwingine hadithi ya kidole chake. Usijaribu kunizuia. Atakasirika, na ana haki. Anaweza kusema nimewadanganya wafu wao, na kwa mwanamke aliyekuja kuolewa hilo si neno dogo, unajua. Nimejaribu kujipa sababu ya kungoja. Ameshazeeka, ana presha, wewe uzoee kule kwanza, mvua ipite. Ni sababu nzuri zote, ndiyo maana siziamini. Nitaketi mbele yake na sitatazama chini.

Naona madereva wanaamka wanajipangusa vumbi. Huko mbele injini zimeanza kuwashwa moja moja, mtu anapiga kelele kwamba sistimu imerudi, na hapa dakika hii nitakuwa na watu wanaotaka chapati zote kwa pamoja. Wewe nawe karibu utafika, una mayai ya tata kwenye mfuko na macho mekundu. Hii karatasi nitaiweka kwenye kiatu chako cha kushoto, kile utakachokivaa ndani ya ndege. Utaisoma ukiwa mbali na uso wangu, usije ukaanza kuusoma uso badala ya barua.

Kesho pale kwenye basi utainama kuniaga, kwa sababu umenipita urefu, nami nitakugusa shavu. Siwezi kujizuia, mkono huu ni wa mama. Lakini nisikilize, Amoding. Safari hii nitakuwa nakugusa tu. Hakuna jina litakalotajwa.

Mama yako,
Malaba